Walifungua sakoshi yangu mbele ya wanafunzi

Yaya mshauri, jambo.

Mimi ni mama wa miaka 47, ninakaa Katuba, hapa kwetu Lubumbashi. Mwaka huu natimiza miaka 9 ya kazi ya usafi kwenye shule moja ya binafsi, yenye primeri na sekondari. Jina la shule silitaji kwa sababu nataka kesho nikiamka nikute kazi yangu ingalipo.

Saa kumi na moja alfajiri niko njiani, kwa miguu. Nikifika naanza na maji, maana bomba linatoa usiku na kufika saa moja asubuhi limekauka. Najaza mapipa mawili na bidoni sita, ndipo nashika raklete ya kupangusia. Wakati wa mvua wewe mwenyewe unaujua udongo wetu mwekundu. Unapangusa koridoo, walimu wanaingia na matope, unapangusa tena, mara tatu kabla ya kengele. Hiyo ni kazi, siilalamikii. Lakini kuna mwalimu anayesimama mlangoni na kuuliza, "Mama, nipitie wapi?", na kuna anayekanyaga torsho yangu, kile kitambaa cha kupangusia, huku akiongea kwenye telefoni, kama vile pale chini hakuna mtu. Wa kwanza yuko mmoja tu. Wengine wote ni wa pili.

Wananiita Mama Balai, yaani Mama Fagio. Walimu walianza, watoto wakafuata. Wiki iliyopita mtoto wa primeri alimwaga juisi darasani. Akatokea mlangoni, akaniita, "Wewe, kuja upanguse." Mwalimu wake alikuwa palepale, anaandika ubaoni. Hakugeuka.

Kwenye chumba cha walimu kuna vikombe 14. Naviosha kila siku baada ya chai ya saa nne. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua kimoja nikanywa maji, sekretere akaniambia polepole niwe naleta changu. Mpaka leo nakunywa kwenye kopo la margarini, ninaliweka nyuma ya mlango pamoja na fagio.

Halafu kuna ile siku ya 30 Aprili, sikukuu ya elimu. Walichagua kitenge cha kushona sare, wakasema kila mfanyakazi akotize. Nikatoa pesa yangu kwa vipande vitatu, nikashona kama wao. Siku yenyewe nilikuja nimevaa, nimesuka nywele. Wakaketi chini ya hema. Mimi na yule zamu, mlinzi wa mlangoni, tukaambiwa tungoje, tutakula nyuma ya jiko wakishamaliza. Zamu hakujali, yeye amezoea. Lakini mimi si zamu, Yaya. Mimi nilisoma mpaka ya nne sekondari, baba ndipo alipopoteza kazi. Ulipofika wakati wa picha ya wote nikasogea. Mwalimu mmoja akanipa telefoni yake mkononi: "Mama, wewe utatupiga." Nikawapiga. Picha ni nzuri, nimeiona imebandikwa kwenye buro. Kitenge changu hakimo.

Ya Februari ndiyo siwezi kuisahau. Telefoni ya mwalimu wa Kifaransa ilipotea. Akasema mbele ya watu wote, "Muanze na mama wa usafi, yeye ndiye anaingia kila mahali." Nilikuwa kwenye koridoo, mbele ya darasa la tatu humanite, ile sekondari ya juu, mlango uko wazi. Akachukua sakoshi yangu mwenyewe, akaimwaga juu ya benchi. Ikatoka bukari yangu, ugali wa saa sita, imefungwa kwenye sashe, dawa zangu za tensio, kitambaa, Agano Jipya, na zile pamba za wanawake. Watoto wengine walicheka. Saa nane telefoni ikaonekana ndani ya gari la mwenzake. Nikangoja aje. Kesho yake nikamwangalia, akasema, "Si tumeipata? Basi." Akaingia darasani.

Nikaokota vitu vyangu kimoja kimoja siku ile, na tangu siku ile nikiona mwalimu anapapasa mfuko wake, moyo unaruka.

Mimi sina karatasi yoyote ya kazi. Mwisho wa mwezi nasaini kwenye daftari la ekonomu, napewa franka zangu, nakwenda. Binti yangu wa pili anasoma hapohapo, yuko ya tatu humanite, mwaka ujao ni Egzetat yake, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Kwa ajili yangu wanampunguzia nusu ya minervali, karo ya shule. Zamani wakati wa mapumziko alikuwa anakuja kunisalimia, nampa mkate. Sasa anazunguka nyuma ya majengo ili asipite koridoo yangu. Nadhani ananionea haya mbele ya wenzake. Nyumbani hasemi kitu, na mimi sisemi.

Mdogo wangu anauza unga kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, ananiambia, "Dada, acha utumwa, kuja tuuze." Niache? Ninyamaze mpaka binti apate diploma? Nikiongea, wakanifukuza, yeye atasoma wapi? Au ni mimi niliye na kiburi, kwa sababu kazi ni kazi na niliichagua mwenyewe?

Mama wa Katuba

——

Mama, jambo sana.

Niondoe kwanza lile la kiburi. Mtu mwenye kiburi anataka apitwe na kila mtu akiinama. Wewe unataka kusalimiwa, kikombe cha maji, na nafasi kwenye picha uliyoilipia kitenge. Ulichagua kazi ya kupangusa sakafu, na unaipangusa mara tatu. Kumwagiwa sakoshi hukukuchagua.

Nikuambie pia jambo langu, ili ujue ni nani anayekujibu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilikuwa na miaka 23. Pale shuleni kulikuwa na baba mmoja wa usafi, mkubwa kuliko baba yangu mzazi. Nilikuwa namtuma mkate ng'ambo ya barabara, namwita kwa kidole, simsalimii. Mshahara wetu ulikuwa haujatoka, mkubwa wangu alikuwa amenigombeza mbele ya wazazi, na kwenye shule nzima alibaki mtu mmoja tu ambaye ningeweza kumwamrisha. Yule baba alikufa kabla sijapata akili ya kwenda kumwomba msamaha. Barua yako niliisoma nikimfikiria.

Kwa hiyo naielewa sumu hii inakotoka. Nchini mwetu Kongo mwalimu naye anadharauliwa. Elimu ya msingi ya Serikali ilipofanywa ya bure mnamo Septemba 2019, madarasa yalifurika, na bado wapo walimu wanaofundisha bila majina yao kuwa kwenye listi ya malipo. Wale wa shule za binafsi kama yako wanaishi kwa minervali: mzazi akichelewa, mwalimu anakopa dukani. Anayekanyagwa na walio juu huangalia chini yuko nani. Naielewa, Mama, lakini haimpi mtu ruhusa ya kushika mfuko wa mwanamke na kuumwaga.

Sasa tuzungumze juu ya karatasi, kwa sababu naona ndipo tatizo linapoegemea. Wanakutendea kama mpita njia kwa kuwa hakuna mahali palipoandikwa kwamba wewe ni wa pale. Wewe mwenyewe umeanza kuamini hivyo. Lakini Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002 ambayo ilifanyiwa marekebisho Julai 2016, haisemi hivyo. Inasema mkataba wa kazi uandikwe, na usipoandikwa, huhesabiwa kuwa mkataba usio na mwisho mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Hata kibarua wa siku kwa siku, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anakuwa mfanyakazi wa muda usio na mwisho. Siku 22! Wewe una miaka 9. Na mtu wa mkataba wa namna hiyo hafukuzwi bila sababu ya kweli. Kupeleka malalamiko juu ya mwajiri aliyevunja sheria si sababu, sheria imelitaja hilo waziwazi.

Lile daftari la ekonomu unalosaini ndilo shahidi wako. Anza leo kuandika nyumbani, kwenye kayee yako, tarehe ya kila malipo na kiasi chake, pamoja na saa ya kuingia na ya kutoka. Ukifika saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni, siku sita, pigia hesabu mwenyewe: sheria inaishia saa 45 kwa wiki. Siku yenye nafasi, pita kwenye ofisi ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hapa mjini, uulize kama mwajiri amewahi kukuandikisha. Ukikuta jina lako halimo, usipige kelele siku hiyo. Lijue tu, liweke. Pensheni ya uzee wako iko hapo, na hilo ni kubwa kuliko vikombe vyote 14.

Siongei hivi ili kesho ukimbilie kwa Mkaguzi wa Kazi. Ofisi ya Ukaguzi wa Kazi ipo, ndiyo inayopatanisha mfanyakazi na mwajiri kabla ya kufika mahakamani, na ni haki yako kuigonga. Lakini una mtoto wa Egzetat pale ndani. Anza na Prefe, mkuu wa sekondari. Nimekueleza sheria ili ukiingia kwenye buro yake usiingie kama anayeomba sadaka.

Na usimpelekee malalamiko kumi. Ukianza na Mama Balai, ukaenda kwenye kikombe, ukafika kwenye hema na picha, atakuambia, "Mama, hayo ni mambo ya akina mama, mvumiliane," utatoka mikono mitupu. Peleka moja: sakoshi. Hilo halina pa kukwepea. Umeshukiwa wizi bila ushahidi, umepekuliwa hadharani na mtu asiye na mamlaka hayo, mbele ya wanafunzi, kitu kikapatikana kwingine, na hukuombwa msamaha. Peleka kwa maandishi, ukurasa mmoja, tarehe juu, nakala yake ubaki nayo na uombe sekretere aigonge muhuri wa kupokea. Omba mambo mawili tu. La kwanza, mwalimu yule akuombe msamaha mbele ya darasa lilelile, kwa kuwa mbele ya darasa hilo ndipo alipokuvua heshima. Usikubali msamaha wa kunong'onezwa kwenye koridoo. La pili, upewe mkataba ulioandikwa. Prefe akisema atafikiria, muulize kwa upole ni siku gani urudi kuchukua jibu. Kama unamjua mzazi mmoja mwenye busara kwenye komite ya wazazi, mweleze kabla, asije akashangazwa.

Kuna mwalimu anayekuuliza apitie wapi. Unasema yuko mmoja tu. Mama, mmoja si kidogo! Huyo mwambie unachokwenda kufanya. Inawezekana siku ile alikuwepo, inawezekana anatafuta mlango wa kulisema. Watu wa namna hiyo mara nyingi wananyamaza kwa sababu hawajui kama wewe mwenyewe unataka lisemwe.

Hayo mengine, ya jina na ya kikombe, huyahitaji kuyaandikia. Akikuita Mama Balai, usigeuke. Akirudia, mwambie kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, mimi naitwa Mama fulani," kisha msikilize anachotaka. Fanya hivyo kila mara, kwa kila mmoja, bila hasira. Kwa mtoto wa primeri ni vilevile: "Mwanangu, kwetu mama haitwi wewe. Anza upya." Atajifunza ndani ya wiki, watoto si wagumu. Na kikombe, nunua chako kizuri, chenye mkono, ukiweke kwenye rafu moja na vile 14. Atakayekiondoa itambidi akuambie usoni kwa nini.

Hapa nitasema kitu ambacho huenda kisikufurahishe. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jina la yule baba wa mlangoni. Sikupata hata "Papa". Ni "yule zamu". "Amezoea." "Mimi si zamu." Mlikaa pamoja nyuma ya jiko mkingoja masufuria, yeye amevaa kitenge kilekile alichokilipia kama wewe, na ukaona yeye haumii. Ulimuuliza? Mtu hazoei kuambiwa ale mwisho. Anaacha kusema tu. Wewe mwenyewe, miaka yote hii, walimu wanaamini umezoea. Yeye ndiye mwenzako wa kwanza pale shuleni, na siku ile ya Februari alikuwa getini, kwa hiyo anajua gari lile lilitoka na kuingia saa ngapi. Kesho alfajiri akikufungulia geti, muulize anaitwa nani na ametoka wapi.

Nimebakiza binti yako kwa makusudi.

Umeandika kwamba sakoshi ilimwagwa mbele ya darasa la tatu humanite, mlango uko wazi. Chini zaidi, kwenye mstari mwingine kabisa, umeandika kwamba binti yako yuko ya tatu humanite. Hukuviunganisha. Sijui kama ni kwa kusahau au kwa sababu kalamu ilikataa. Umeandika pia kwamba alianza kuzunguka nyuma ya majengo "sasa", baada ya zamani kuja kuchukua mkate. Mama, kama shule hiyo ina darasa moja tu la tatu, binti yako alikuwa ameketi mle ndani. Aliona dawa zako zikidondoka. Aliona pamba. Alisikia nani alicheka, na wale waliocheka anaketi nao benchi moja mpaka leo.

Wewe unadhani anakuonea haya kwa sababu ya fagio. Fagio alilijua tangu siku ya kwanza alipoingia shule hiyo, na mkate aliufuata kwako bila kujificha. Mimi naona haya yake ni nyingine: alikaa kimya mama yake akipekuliwa. Mtoto wa rika lake hajui la kufanya na kitu kama hicho. Hawezi kukuangalia usoni kwenye koridoo ileile, anapita nyuma. Na ukimya wako nyumbani unamwambia kwamba na wewe uliona alivyokaa kimya. Ninaweza kuwa nimekosea, wewe ndiye mama yake. Lakini kabla hujakubali kwamba mtoto anakuchukia kwa ajili ya kazi inayomlipia nusu ya minervali, muulize.

Usimuulize shuleni, wala usimkalishe kama mshitakiwa. Ngoja jioni moja SNEL ikate umeme, mmekwisha kula, mko kwenye mbalamwezi au mshumaa. Gizani maneno hutoka kwa urahisi. Usianze na "kwa nini unanikimbia". Anza na lako: "Siku ile ya sakoshi niliumia sana, na najua hukuwa na la kufanya. Mwalimu yule ndiye mwenye makosa, si wewe." Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikataa kuongea, usimlazimishe, lakini atakuwa amesikia. Usimwombe aanze tena kukusalimia kwenye koridoo, hilo litarudi lenyewe au litangoja amalize shule.

Na unga wa Kenya? Mdogo wako anakupenda, ndiyo maana anasema vile. Ukiwa na mtaji na mgongo wa kubeba magunia, inaweza kuwa kazi nzuri, sikukatazi. Ila usiende huko kwa ajili ya mwalimu wa Kifaransa. Ukitoka sasa bila karatasi, miaka 9 itakuwa imeyeyuka na nusu ya minervali imekwenda nayo, mwaka mmoja kabla ya Egzetat. Mwambie akungojee mpaka diploma. Ukiondoka siku hiyo, ondoka ukiwa umehesabiwa unachodai.

Barua ya Prefe itabidi iwe ya Kifaransa. Ulisoma mpaka ya nne, unaweza kuiandika, lakini mimi ningemwomba binti aishike kalamu. Wewe useme kwa Kiswahili jinsi ilivyokuwa, kitu kwa kitu, naye aandike. Akifika kwenye bukari na dawa atasimama, na hapo mtakuwa na mengi ya kusemezana kuliko barua yenyewe. Juu kabisa, upande wa kushoto, aandike majina yako yote matatu kama yalivyo kwenye kadi yako.